Kisu Nilichokichagua Tanga

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpishi Mkuu hakuniuliza cheti. Alinisukumia kolekole mzima na kisu chembamba, akasema, "Toa minofu. Mfupa ukibaki na nyama, utaula wewe." Hoteli yetu ilikuwa juu ya mji wa Lushoto, na samaki walipanda kutoka Tanga ndani ya barafu.

Alinifundisha kuanzia nyuma ya shavu, kushuka mpaka mfupa wa mgongo, kisha kulaza kisu na kuufuata mfupa huo hadi mkiani. Alikuwa mkali, akitafuna iliki kutwa, lakini hakuwahi kunionea. Alipostaafu alirudi kwao Mlola, nami nikapewa meza yake.

Miaka ikapita. Wageni waliongezeka, na vidole vyangu vikaanza kufa ganzi. Asubuhi moja Meneja akaniambia, "Rehema, shuka Tanga ukachague kisu cha umeme." Gari la samaki lilikuwa linaondoka, nikapanda bila kumuaga mtu.

Dukani niliwekewa viwili. Kisu cha umeme kina bapa mbili zenye meno, zimelala ubavu kwa ubavu, zikienda na kurudi kwa kupishana. Kwa samaki unataka bapa ndefu, nyembamba, zinazopinda kidogo. Fupi na nene ni za mkate. Hapo vyote vilifaa. Tofauti ilikuwa swichi. Cha kwanza ukikibonyeza mara moja kinaendelea chenyewe. Cha pili kinazima ukiachia kidole. Kwa ganzi yangu, nilikitaka cha kwanza.

Nikakiinua. Nyuma ya bega langu sauti ikasema taratibu, "Rehema, weka hicho."

Niliijua sauti ile. Niligeuka, nikaona mlango mtupu na jua la barabarani. Harufu ya iliki ilikuwa imenizunguka. Nikachukua cha pili.

Muuzaji aliuliza huku akifunga boksi, "Mzee uliyekuja naye hanunui kitu?"

"Nimekuja peke yangu."

Akautazama mlango, akanitazama mimi, akanikabidhi boksi.

Jioni niliporudi nilikuta habari: Mpishi Mkuu amefariki mchana ule, nyumbani kwake Mlola.

Wiki chache baadaye umeme ulikatika nikiwa katikati ya kumtoa minofu samaki aina ya changu. Niliweka kisu mezani, nikaanza kuchokoa ngozi iliyonasa kati ya bapa. Ghafla taa zikawaka. Bapa hazikutikisika. Nikanyosha mkono, nikachomoa waya. Kingekuwa kile cha kwanza, nisingekuwa na vidole vya kuandikia haya.

Sasa nami nimestaafu. Wapishi vijana wakiniuliza, nawaambia wachomoe waya kwanza kabla ya kugusa bapa, jambo ambalo mimi sikulifanya. La dukani sikumsimulia mtu, mpaka mwaka huu nilipokwenda Mlola kwa mjane wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alinisikiliza bila kushtuka.

"Siku ile alikuwa hajiwezi kitandani," alisema. "Saa sita mchana akaomba viatu. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, 'Tanga. Rehema ananunua kisu.' Nikamvalisha, nikidhani ni homa. Akafumba macho. Saa nane akayafumbua, akasema, 'Amechukua kile kingine.' Nikamvua viatu. Hakusema neno tena."

Akanimiminia chai.

"Ulijua kwamba anaumwa?"

"Sikujua, mama."

"Na hapa hatukujua kwamba umeshuka Tanga."