Dada Aliyezaliwa Pamoja na Mvulana

Bado naisikia: ta. Ni panya akigongwa kisogo kwenye ukingo wa meza, kama njugu inayovunjwa kwa meno. Mzungu niliyemfanyia kazi Kitale, daktari wa mifugo, aliwaua hivyo kabla ya kuwapasua aone vizazi vyao. Mimi nilikuwa msichana wa kuosha vizimba, na kila panya jike nilikuwa nimeshamwotea harusi yake.

Aliwadunga wakiwa wachanga, wekundu, macho hayajafunguka: tone la mafuta lenye homoni ya dume. Basi. Wakishakua hawashiki mimba. Dume akiingizwa kizimbani wanamrarua masikio, naye anawang'ata hadi nyasi zinalowa damu.

"Kichwa yake ilifundishwa vibaya mapema," mzungu aliniambia kwa Kiswahili chake cha shambani. "Sasa hapana jua kuita yai."

Nilicheka. Halafu dada yangu akaja kutoka Bungoma, jicho limevimba, mdomo umepasuka. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto. Yeye na kaka yetu ni mapacha, na kwetu kila mchungaji anajua ndama jike aliyezaliwa pamoja na dume hazai, huchinjwa mapema.

"Ati mimi ndiye ndama huyo," dada alisema. "Shemeji yako anataka ng'ombe zake za mahari. Baba atazitoa wapi, na kaka alishaoa nazo? Baba atanirudisha kule nipigwe hadi nife."

Niliogopa. Kama tone moja linatosha kuharibu panya, je, miezi tisa kando ya mvulana? Asubuhi nikamuuliza mzungu, ndoo ikiwa bado mkononi.

"Ng'ombe, ndiyo," alisema. "Damu ya mapacha naungana ndani ya tumbo. Panya, ni mimi nafanya. Mtu, hapana. Labda bwana yake ndiyo mgonjwa. Yeye nani alipima?"

Nilikimbia na habari hiyo hadi kibandani kwangu, dada alikojificha, kana kwamba nimebeba mtoto mwenyewe.

Jumapili shemeji alifika na fimbo. "Toka nje, ndama."

Nikasimama mlangoni. "Shemeji, karibu. Daktari anasema mambo hayo ni ya ng'ombe tu, si ya watu. Ati hata wewe ungepimwa."

Fimbo ilinipata sikioni. Nikiwa chini nilimwona dada akitoka na mchi wa kinu. Alimpiga kifundo cha mkono, mfupa ukalia, fimbo ikaanguka. Alimpiga mgongoni, akampiga tena, hadi shemeji akatambaa kuingia kwenye mahindi.

"Ng'ombe zako usimdai baba," dada alisema akihema. "Njoo unidai mimi."

Shemeji hakurudi tena. Siku ile dada alilala, hataki kuguswa. Nikatoka nje, sikio likivuma, nikaiokota ile fimbo, nikaivunja kwa goti, nikaisukuma motoni chini ya sufuria ya uji.