Mvua ya Mawe Kwenye Mteremko wa Nzilo

Nani kati yenu amewahi kuona barabara ya Katanga ikiwa nyeupe? Nyeupe ya barafu, nasema, huku kwetu kwenye udongo mwekundu!

Mi niliona. Nilikuwa ndani ya lori, na lori lilikuwa linateremka.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu, majira ya mvua. Kolwezi ilikuwa imeoza. Mgodi umesimama, mishahara haiji, na lawama zote tumetwishwa sisi Wakasai, watu wa asili ya Kasai. Rudini kwenu! Kwetu wapi, jamani? Nilizaliwa Kolwezi, wazazi wangu walizaliwa Kolwezi. Asubuhi moja tu tukaambiwa sisi ni bilulu. Wadudu.

Mume wangu Kalala alisukumwa kwenye treni ya mizigo pamoja na mama yake. Mi nilibaki kwa sababu binti yetu Kabedi alikuwa na surua, na ndani ya yale mabehewa watoto wa surua walikuwa hawafiki.

Surua ilipopoa, jirani yetu wa mtaa wa Manika akaja. Mzee tuliyemwita Tata Mwenze, dereva wa lori, Muluba wa Katanga hasa, mtu wa Kabongo, kwa hiyo mwenyeji.

"Mama Kabedi, minaenda Kamina. Kalala iko anakungoja kule. Utaikala mbele sawa bibi yangu. Bakiuliza, mutoto ni wangu, jina yake Rachelle."

"Na bakijua, Tata?"

"Batatuua bonso, sisi bote. Panda."

Ndivyo alivyokuwa, Tata Mwenze. Maneno hakuwa nayo mengi.

Nilimwambia Kabedi anyamaze, asifungue mdomo hata akiona simba. Maana mtoto alilelewa na bibi yake, mama wa Kalala, mwanamke aliyekataa katakata Kiswahili nyumbani mwake. Kabedi alijua Tshiluba tu, lugha ya Kasai, na Kiswahili cha kuombea mkate.

Tulipoanza kuteremka milima ya upande wa Nzilo, mvua ikashika. Halafu nikasikia bati linagongwa, ko, ko, ko. Mawe! Kwanza kama karanga, kisha kama mayai ya njiwa. Mara udongo wote ukapotea chini ya barafu, na bonde lililokuwa mkono wa kulia sikuliona tena.

Lori likaanza kwenda ubavu.

"Matope minajua," Tata Mwenze akasema, jasho linamtoka katika baridi ile. "Unaweka matawi chini ya mipira, unapita. Hii kitu, mama, sijue."

Akikanyaga freni, lori linakwenda. Akiachia, linakwenda. Mi nifanye nini? Nilimshika mtoto, nikasali, nikakosea hata maneno ya Baba Yetu.

Kwenye kona, gogo limelazwa njiani. Vijana wa kizuizi, vitambaa vyekundu kichwani, mapanga mkononi. Tata Mwenze akalisugua lori kwenye ukuta wa mlima mpaka likasimama, pua karibu iguse gogo. Mguu wake ukabaki juu ya freni.

Mkubwa wao alikuwa Barnabé. Mji mzima ulimjua. Kwa kuwasaka Wakasai, mkali kama yeye hakuwepo.

"Huyu ni nani?"

"Bibi yangu. Na mutoto wangu, Rachelle."

Nilimsalimia kwa Kiswahili changu cha Kolwezi, safi, hakina doa. Akaitika. Kisha akamwinamia mtoto, anatabasamu.

"Rachelle, baba yako ni nani?"

Kabedi akanyoosha kidole. Kwangu.

Vijana wakaangua kicheko. "Aba! Mutoto mujinga huyu!"

Mjinga? Kwa Tshiluba, "baba" ni mama. Mtoto alijibu vizuri kabisa, akasubiri kusifiwa.

Barnabé hakucheka. "Ni Bakasai hawa. Bashuke."

Kwa hofu ile sikujiuliza amejuaje upesi hivyo, wakati wenzake hawakuelewa kitu. Nilishuka na Kabedi mgongoni, miguu inateleza. Nilijua tunakufa. Niliwaza tu kwamba Kalala atangoja Kamina mpaka achoke.

"Na weye, shuka!" Barnabé akamfokea Tata Mwenze.

"Mwanangu, nikitosha muguu ku freni, lori litaenda."

"Shuka, nasema!"

Akamvuta kwa shati. Mguu ukatoka.

Lori likaondoka polepole, bila haraka yoyote. Likasukuma gogo, na gogo likambana Barnabé miguu yote miwili kwenye ukuta wa mlima, ndipo lori likasimama. Tukasikia mifupa.

"Baba wanyi! Baba wanyi weee!"

Mama yangu! Kwa Tshiluba, cha mtu aliyenyonya nacho.

Mawe tu yanadondoka.

"Barnabé," kijana mmoja akauliza, "umesema nini?"

Akauma midomo mpaka ikatoka damu. Alikuwa amechelewa.

"Kumbe!" mwingine akasema. "Njo maana mama yake hasemaka! Anatuambiaka eko bubu!"

Ee Mungu. Mwanamke wa watu alikuwa amezibwa mdomo na mwanawe, ili lafudhi yake isimuue, naye kijana akatoka kuwinda wengine ili asishukiwe.

"Twende kwake," wa tatu akasema.

Wakaondoka mbio kupanda mlima, wanaanguka, wanainuka, mapanga mkononi. Hakuna aliyetutazama tena.

Tata Mwenze akaweka jiwe chini ya mpira, tukaliondoa gogo. Barnabé alinishika kanga.

"Mamu, murudie. Mumwambie akimbie. Nakuomba, mamu."

Mamu, yaani mama kwa heshima! Dakika chache kabla nilikuwa mdudu.

Nilitaka kumtemea mate, nawaambia ukweli. Lakini mama yake alinikosea nini? "Tata Mwenze, geuza lori!"

Alijaribu, yule mzee wa watu. Mipira ikalia na kuzunguka palepale, lori likarudi nyuma, kitako kikaning'inia juu ya bonde. Akajaribu tena. Kisha akaweka kichwa juu ya usukani.

"Haipandi, mama. Itashuka tu."

Nilipiga kelele kuwaita wale vijana. Nilisema nini, hata sikumbuki. Hawakugeuka, na kona ikawameza.

Tukampakia Barnabé mbele, katikati yetu. Nilimshikilia asianguke, mtu aliyetaka kuniua, naye anaangalia nyuma kupitia kioo, anaita kwa sauti ndogo. Kabedi akampangusa uso kwa gauni lake. Lori likateremka.

Kamina tulifika. Kalala alimbeba binti yake, akalia kama mtoto. Barnabé tulimwacha kwa masista, miguu imekufa. Habari za mama yake niliuliza miaka mingi, hata niliporudi Kolwezi. Nyumba yake wanakaa watu wengine.

Ndugu zangu, siku hizi naona mnafundishana tena nani mwenyeji, nani mgeni. Wengine mnapiga kelele kuliko wote kwa sababu mna hofu yenu wenyewe. Sikilizeni.

Tunasemaga mchimba kisima huingia mwenyewe. Si kweli. Barnabé alichimba, na aliyeingia ni mama yake.