Fundi Alfani achagua darubini isiyotisha

Saa mbili asubuhi, katika kibanda cha mabati nyuma ya maduka ya mtaa wa Makiso, Alfani Assumani amefumba jicho moja na kuchungulia ndani ya mtutu wa bunduki. Komeo amelichomoa, bunduki ameilaza juu ya mifuko miwili ya mchanga, na kupitia mtutu anaona alama ya chaki aliyoichora kwenye ukuta wa jirani.

Kisha ataielekeza darubini kwenye alama hiyohiyo; hivyo ndivyo anavyorekebisha shabaha bila kufyatua risasi. Tangu vita vya siku sita vya mwaka jana, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana, hakuna fundi mwenye akili timamu anayejaribu bunduki mjini Kisangani.

“Nikipiga moja tu, bon, kambi yote ya askari itakuja kunisalimia,” anasema, na kucheka mwenyewe.

Alfani ana miaka sitini na mitatu. Arobaini kati ya hiyo ametengeneza bunduki za wawindaji. Kabla ya vita alipata wateja kumi kwa mwezi. Sasa akipata wawili anamshukuru Mungu, na siku zilizobaki anaziba pancha za toleka, zile baiskeli za kubeba abiria.

Bunduki ya leo ni ya Clovis, mwindaji wa Isangi, mji wa mtoni, mwenye watoto saba. Ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1938, na baba yake ndiye aliyemwachia, pamoja na kibali chake. Darubini yake ya kulengea ilipotea zamani. Clovis aliwinda bila hiyo mpaka macho yakaanza kumsaliti. Mwezi uliopita alikosa nguruwe mwitu mara tatu, na nyumbani wakala sombe tupu, majani ya muhogo bila nyama.

Juzi aliingia kibandani na darubini mpya, nyeusi, nene kama chupa ya bia, aliyoinunua kwa askari.

“Papa Alfani, funga hii. Iko na nguvu, unaona mpaka ng’ambo ya mto!”

Alfani aliigeuzageuza, akamrudishia.

“Hii iko ya kupiga watu, Clovis. Ukifika nayo kwa barrière ya askari, watasema wewe iko tireur, mdunguaji wa wale wengine. Hautarudi kwako.”

“Na batoto watakula nini?”

Fundi alivuta sanduku la darubini kuukuu alizookota miaka yote hiyo, akaanza kuchagua. Ya kwanza ilikuwa nene mno. Mpini wa komeo la bunduki hiyo husimama wima ukifunguliwa, ungeigonga. Ya pili ilidai bunduki itobolewe matundu mapya. “Kutoboa kitu kizuri hivi? Jamais!”

Ya tatu ilikuwa nyembamba, ya chuma, ya miaka ileile ya bunduki, yenye vifuniko vya ngozi. Inakuza mara mbili na nusu tu.

“Mwituni nyama iko hatua makumi ine,” alimwambia Clovis. “Ng’ambo ya mto unaitafutia nini?”

Kwa siku mbili amepiga tupa miguu ya darubini hadi ikanasa kwenye vikamatio vya zamani vilivyobaki juu ya bunduki. Ukiitazama sasa, utaapa kwamba imekaa hapo tangu kiwandani. Kazi hiyo inatia raha kuitazama.

Adhuhuri wanashuka pamoja bandarini. Ile nyeusi Clovis anaitupa mtoni asikamatwe nayo, huku akilaani. Alfani hana safari, lakini hawezi kubaki kibandani.

Kwenye kizuizi cha bandarini askari anaichukua bunduki, anasoma kibali, anaweka jicho kwenye darubini. Anakaa hivyo muda mrefu.

Askari anaangua kicheko. “Papa, hii iko ya koko yangu, ya wazee wa zamani! Pita.”

Clovis anapita, anaingia mtumbwini, anapunga mkono. Fundi anakalia gunia la mtu, huku akiutazama mtumbwi.

Anapanga kumfuata Isangi mwezi ujao, akae wiki nzima.

“Miaka miwili nasikia bunduki, na kila moja najiuliza nani amekufa,” anasema. “Nataka kukaa pale kwa Clovis, nisikie moja tu, kisha niseme: bon, leo tutakula.”