Mbinzo Niliowapika Nyumbani kwa Koko

Aibu hii ningeweza kunyamaza nayo, lakini avenyu yetu yote inaijua na kila mtu anaisimulia kwa namna yake (kuna wanaosema nilitoka uchi, uongo mtupu), basi afadhali muisikie kwangu, hata kama naandika polepole.

Ilikuwa vakansi kubwa ya shule, majira ya mbinzo, wale viwavi wanaojaa mabeseni sokoni hapa Kisangani. Koko, mama yake mama, alikuwa amefariki, na nyumba yake ilifungwa ikingoja matanga yaondolewe ili mimi na mama tuhamie. Niliitaka nyumba ile kuliko chakula, kwa sababu kwa Tonton Lisongo, kaka yake mama, tulilala tumebanana, na ukishika kitabu watoto wanakuuliza kama unaumwa.

Jumamosi ile watu wote walitoka kwenda salongo, kazi ya lazima ya kufyeka majani barabarani, na Tonton ndiye aliyesimamia avenyu yetu. Mimi nikasema moyoni, leo siendi. Nikabeba ndoo ya mbinzo wazima pamoja na kitabu cha kuazima kisicho na jalada, nikaingia kwa Koko kwa mlango wa nyuma, nikafunga madirisha nisionekane. Nikawasha makala, mkaa wa kupikia, na ili nisinuke moshi nikajitanda kichwani kikwembe cha Koko, kitenge chake kilichokuwa kwenye msumari. (Najua, kikwembe cha marehemu hakiguswi kabla ya matanga kuondolewa. Nilijua siku ile pia.)

Nikafunga mbinzo wachache kwenye majani pamoja na kitunguu na pilipili, nikaiweka liboke yangu juu ya makala, wengine nikawaacha ndooni, nikaanza kusoma kwa sauti kwa mwanga wa makala, maana ndivyo tulivyofundishwa shule ya msingi na wakati ule sikujua njia nyingine. Kitabu kilimhusu mwanamke aliyekufa, anayerudi mchana kwenye nyumba yake kuuliza nani amekalia kiti chake. Nilisoma, nikasoma, harufu ikawa tamu, giza likawa tamu, nikasahau kabisa kwamba kuna dunia nje, mpaka nilipogundua kwamba majembe nje yamenyamaza.

Halafu ndani ya nyumba kikaanza kitu. Sss. Sss. Kama mtu anayeburuta kandambili juu ya mkeka. Nikanyamaza, chenyewe hakikunyamaza.

"Nani iko mule ndani?" Ilikuwa sauti ya Mama Zaina, jirani, nje ya dirisha.

Mimi ni mtu wa haya, hata muuza sabuni namsalimu nikitazama chini, na tena Tonton angejua nimekimbia salongo. Nikajikunyata nyuma ya kitabu.

"Kama uko mutu, sema," Tonton akaita. "Kama hauko mutu, bon, sema pia."

Hapo kitu cha baridi kikaanguka kutoka darini, kikatua shingoni mwangu, kikaanza kutembea.

Nilifungua mlango wa mbele nikatoka nikipiga kelele, kikwembe kichwani, na majembe yote yakaanguka chini.

"Yezu! Iko Koko! Na kikwembe yake!"

Tonton, na tumbo lake lote, aliruka mtaro na hakufika ng'ambo. Mimi nikamkimbilia anisaidie, yeye akatoka matopeni akakimbia zaidi, nami nyuma yake, "Tonton, ningoje!", na kadiri nilivyomwita ndivyo alivyoongeza mbio, mpaka kikwembe kikanitoka kichwani na kijana mmoja akapiga kelele: "Eh, iko Bolumbu tu! Na mbinzo kwa shingo!"

Avenyu nzima ilicheka mpaka watu wakakaa chini. Wakaingia, wakakuta mbinzo wametoka ndooni (sikuifunika), wamejaa mkekani, ukutani, mpaka darini. Tonton, akidondosha matope, akaniuliza, akiniita raia kwa Kifaransa cha ofisini: "Citoyenne, donc salongo yako ulikuwa unaifanyia kwa liboke?" Wakacheka upya.

Mama Zaina peke yake hakucheka.

"Na ule mwingine iko wapi?"

"Mwingine gani, mama?"

"Ule mukubwa. Weye ulikuwa unasoma, ukikwama kwa neno, yeye anakutajia, alafu unaendelea. Tulisikia bote."

Nikawatazama wengine wanikanushie, lakini walitikisa vichwa kwamba ndiyo, na kicheko kikaisha. Nilitaka kusema ni mimi, labda nilirudia maneno. Ila nilikumbuka kwamba asubuhi ile, mimi ninayehangaika na kila mstari, nilisoma kurasa na kurasa bila shida. Na Koko hakujua hata herufi moja.

Mama aliposikia hakubishana na mtu. Alisema hatalala humo, matanga yaondolewe yasiondolewe, na kabla jua halijazama Tonton alipigilia mbao mlangoni, liboke yangu ikiwa bado ndani juu ya makala, kwa kuwa hakuna aliyekubali kwenda kuitoa, mimi wa kwanza.

Nyumba niliikosa hivyo. Sasa nasoma kwa Tonton, katikati ya kelele za watoto, mdomo nimeufunga, na nikikwama kwa neno naliruka mbio. Sisubiri.