Dawa ya Tumbo

Je, mama alijua kwamba nilimdanganya daktari? Swali hilo ninaishi nalo tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, na shahada zangu mbili hazijanisaidia kulijibu. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tulihamia Alief, mtaa wa Houston, Marekani, tukitokea kambi ya wakimbizi, na kabla ya kambi, Kivu, Kongo. Nyumba yetu ilinukia sombe, kisamvu cha kwetu, na mawese, juu ya harufu ya zulia lililosafishwa kwa dawa kali. Mama alitupikia, akatuvalisha nadhifu. Kisha, tukishaenda shule, aliingia bafuni, chumba pekee kisicho na dirisha, akaketi ndani ya beseni kavu la kuogea mpaka basi liturudishe. Ndani ya ukuta wa bafu, alisema, mdogo wangu Heri alikuwa analia. Heri tulimwacha njiani, amefunikwa kwa kitenge na mawe machache, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kuchimba.

Mimi ndiye niliyekuwa Kiingereza cha nyumba nzima: dukani, kwa mwenye nyumba, hata mbele ya mwalimu wangu mwenyewe aliponishtaki. Siku moja kabla ya kumpeleka mama kliniki, jirani yetu Mama Bahati alikuja kunisuka, akampa mama onyo huku vidole vikienda.

"Mambo ya sauti usiseme kule, mama. Huku hata imbwa iko na daktari wake, lakini mama mwenye kusikia bafu, batamunyanganya batoto."

Mama alicheka. Mimi sikucheka.

Kesho yake daktari alipouliza shida ni nini, mama alinigeukia, akasema taratibu, bila machozi: "Muambie namusikia Heri analia mu ukuta. Muambie nimechoka, Neema." Tangu tufike Marekani, hilo lilikuwa jambo la kwanza alilojiombea mwenyewe. Nikamtazama daktari usoni, nikasema kwa Kiingereza changu kipya kwamba tumbo linamsumbua. Akamlaza, akambonyeza chini ya mbavu, akauliza kama panauma. Kabla sijafasiri, mama alinitazama kitambo, kisha akaitikia kwa kichwa.

Alikunywa dawa nyeupe aliyoandikiwa, yenye ladha ya chokaa na mnanaa, chupa baada ya chupa, kwa utiifu ulionifanya nishindwe kula mbele yake. Bafuni aliendelea kukaa, miaka minne. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtoto anayeficha maradhi ya mzazi wake.

Leo ninaishi Pearland, mji jirani na Houston, nami ni mama. Hospitali sasa huleta wakalimani, watu wazima waliofunzwa kulifikisha neno lilivyo, na watoto wangu hawajawahi kubeba maneno ya mtu yeyote ila yao. Juzi mama, baada ya miaka hii yote, alikubali kumwona daktari wa afya ya akili, akaniomba nikamsemee. Nilijijua: ningepunguza tena, safari hii kwa huruma. Nikaamua kukataa.

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka, nikamketisha mbele ya mkalimani, mwanamke wa rika lake kutoka Bukavu.

"Haubakie?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Nitakungojea pale inje."

Nikatoka, nikaufunga mlango.