Gari Limelala Wapi

Siku ya kwanza kazini nilivaa ovaroli mpya iliyonizidi mikono, na kabla sijaonyeshwa pa kuweka mkoba wangu nikapelekwa kwenye gari lililokuwa likichelewa kuwaka. Nikafungua boneti. Fundi Mkuu akanizuia.

"Mwanahawa, hujauliza limelala wapi, ushaanza kulipasua tumbo?"

Nilidhani ananitania kwa kuwa nilikuwa mwanamke peke yangu pale. Hakuwa mtu wa utani. Alinieleza kwamba gari linalofika karakana limeshawaka, injini imeshapata moto na ugonjwa wa asubuhi umejificha. Ukitaka kuujua, lifuate lilikolala, alfajiri, kabla dereva hajagusa swichi. Stata ikizunguka kwa uvivu, shuku betri na nyaya zake, maana hewa ya chumvi ya kwetu hula vichwa vya betri hadi vikaota unga. Ikizunguka kwa nguvu na injini haishiki, basi mafuta hayajafika. Kwa miaka mingi nilifanya hivyo. Niliwahi kulifuata gari hadi Miono, nikanyweshwa uji uani kwa watu nikisubiri kupambazuke.

Kisha nikapandishwa cheo, nikawa Msimamizi wa karakana, nikapewa meza na muhuri. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kituo kimoja cha afya kilikuwa na gari la wagonjwa, la dizeli. Dereva wake, Selemani, alikuwa kijana mpole mno, ukimkemea anakuomba radhi yeye.

"Shikamoo, mama. Muuguzi anasema asubuhi nyingine linasumbua kuwaka."

"Marahaba. Na wewe unasemaje?"

"Mimi nikiliegesha pale mteremkoni, halinisumbui."

Nikapiga swichi mbele yake. Likawaka papo hapo. Lisiwake kwa nini, na ndiyo kwanza limetoka barabarani? Nikaandika kwamba gari ni zima, nikasaini. Lile neno la mteremko lilinipita hivihivi.

Wiki haikuisha, Selemani akawapeleka wauguzi Saadani kwa chanjo ya watoto, wakalala huko. Nilikuwa sijakunja msala baada ya sala ya alfajiri, simu ikalia.

"Mama, gari limegoma. Kuna mzazi hapa, damu haikatiki, anatakiwa hospitali."

Nyuma yake nilimsikia mwanamke akilia, na muuguzi akimhimiza Selemani.

"Stata inazunguka?"

"Inazunguka vizuri, ila sasa imeanza kuchoka."

"Iache, utaimaliza betri. Limelala wapi?"

"Hapa tambarare, kwenye mchanga."

"Na kule kituoni unaliegeshaje?"

"Kichwa chini, mama, mteremkoni."

Hapo ndipo nikaelewa. Tangi la gari lile lilikuwa nyuma. Likilala kichwa chini, dizeli hubaki imejaa kwenye bomba. Likilala sawasawa, na bomba lina ufa mwembamba, ufa huo huvuta hewa na dizeli hurudi tangini polepole. Asubuhi pampu inasukuma upepo mtupu. Ufa wa namna ile haudondoshi hata tone, huuoni kwa kuinama chini ya gari. Ungejulikana kwa kuuliza tu gari limelala wapi.

"Tafuta filta ya dizeli," nikamwambia. "Juu yake kuna kibonyezo cha mkono. Kibonyeze mpaka kiwe kigumu."

"Bado laini, mama."

"Endelea."

"Bado."

Nilimwomba Mungu, na nilimwomba kwa aibu, kwa sababu nilijua sahihi ya nani iko kwenye ile karatasi.

"Kimeanza kukaza."

"Piga swichi sasa."

Nikasikia stata ikijikokota, ikasita, ikajikokota tena, kisha injini ikashika. Simu ikakatika. Hadi saa nne sikuwa nimenywa hata chai. Ndipo Selemani akapiga: mama mzima, mtoto mzima, wa kike.

Nilibadilisha lile bomba kwa mikono yangu. Nikasifiwa. Bi Zena, yule mzazi, akampa mwanawe jina langu, na kila Ramadhani huniletea kamba wakavu kutoka Saadani, ananiita mkombozi wao. Mimi napokea, nashukuru, nanyamaza. Ile karatasi sikuwahi kuitaja kwa mtu.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Bagamoyo. Kila alfajiri naamka kabla ya magari ya majirani, nayasikiliza moja moja, na likichelewa hata kidogo roho inanidunda. Wanangu wanasema ni uzee.

Wiki hii somo wangu, yule Mwanahawa mdogo, amekuja kukaa nami. Jana tukimenya mihogo akaniuliza jambo ambalo mama yake hajawahi kuniuliza.

"Somo, kwani lile gari liligoma kwa nini?"

Nikachukua muhogo mwingine.

"Bomba lilikuwa na ufa. Na aliyeandika kwamba gari ni zima ni mimi."

Akaweka kisu chini.

"Mama anajua?"

"Hajui."

Alichukua kisu, akaendelea kumenya, ila hakuniangalia mpaka tulipomaliza.

Bi Zena anakuja kumchukua leo saa nne. Kamba wa mwaka huu bado wamo jikoni, sijawagusa. Nimeyaandika haya tangu alfajiri nimpe ayasome, nisije nikapata pa kujifichia akishabisha hodi.