Safari ya Kuitetea Samli ya Kija

Niliondoka Kisesa kwa sababu mjukuu wangu Kija, jua likizama, alikuwa hauoni hata mlango. Mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa alikuwa ameona picha ya bepari mwenye tumbo, akaamua kwamba mafuta ndiyo unyonyaji wenyewe. Vibuyu vyote vya samli vikafungiwa stoo ya kijiji. Tukabaki na mchicha wa kuchemsha, kama mbuzi waliosomeshwa siasa.

Alfajiri nilidandia lori la pamba, Kija mapajani.

Nyamagana, hospitalini, tulipokelewa na daktari, kijana wa Kihaya, suruali imenyooka kama rula.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mtazame macho.”

Akamtazama. “Anakula nini?”

“Mchicha.”

“Na mafuta?”

“Yamefungwa. Yana kesi.”

Hakucheka. Alisema kinga ya macho imo kwenye mchicha, ila haiyeyuki kwenye maji; mafuta ndiyo huibeba. Bila mafuta inapita tumboni kama mgeni asiyekaribishwa. Akampa Kija matone ya dawa, kisha akanichorea kwenye boksi la dawa. Mafuta ya akiba ni kijiti chenye mikia mitatu. Mwili huyachoma njaa ikiingia. Mengine yana kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Hayo hujipanga safu mbili, vichwa nje, mikia ndani, yakawa ukuta wa kila chembe ya mwili.

“Kwa hiyo hata mwenyekiti wetu kajengwa kwa mafuta?”

“Hata ubongo wake, mzee. Ukiondoa maji, sehemu kubwa ni mafuta.”

“Huo sina hakika kama upo.”

“Mrudishie mtoto samli,” akasema. “Mkichelewa, atapofuka kabisa.”

Jioni, Kisesa, nilishuka nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nilimkuta mezani, midomo inang'aa, kibuyu cha stoo kando ya ugali. Nilikitambua, ni changu.

“Karibu, mzee,” akasema, akijifuta.

“Naona unakula unyonyaji.”

“Naukagua tu.”

“Basi Kija atakusaidia kukagua.”

Nikamkalisha mtoto, nikamtilia samli kwenye tonge. Tulipotoka nilibeba kibuyu changu mchana kweupe wa taa za majirani. Kesho yake kila kaya ilikuwa mlangoni pa stoo, ikachukua kibuyu chake.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akikukataza chakula, mtazame midomo kabla ya kumpigia makofi.

Haukupita muda mrefu, Kija alisimama mlangoni giza likiingia.

“Babu, yule anayepita ni mwenyekiti,” akasema. “Kumbe ana tumbo.”